Kauli ya Kutendwa

Mirdif, Dubai
3 Oktoba 2014

Mdogo wangu Hilwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wajukuu. Huku mwanangu Hashir na mkewe Sundus hawajambo. Watoto wao wamerudi skuli, na mchana nyumba inakuwa kimya hata najisikia mwenyewe nikipumua. Goti la kushoto limepoa tangu joto lilipoanza kupungua. Leo ni siku ya Arafa na nimefunga, kwa hiyo ukiona mwandiko wangu umelegea usidhani ni uzee.

Barua hii anakuletea Swaibu, ambaye amemaliza kununua mashuka yake katika soko la Naif na atarudi Unguja baada ya Idi. Nimempa pia dawa yako ya macho. Usiniambie tena nikuandikie kwa simu. Ujumbe wa simu hauna nukta wala aya, na mtu asiyeweka nukta hajui anapomaliza kusema.

Sasa jambo lenyewe. Ile tamthilia ya Kituruki ambayo nimekuwa nikiitafsiri, kutoka matini yake ya Kiingereza, katika studio ya Bwana Raed, na ambayo mnaiona huko ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, imeingizwa katika mashindano ya tuzo za televisheni. Sherehe itakuwa tarehe 13 Novemba katika hoteli moja kubwa ya hapa Dubai, nami nimepewa kadi ya mwaliko. Umri wangu ni miaka sabini na miwili na sijapata kuhudhuria sherehe ya namna hii. Hashir anasema watu hupita juu ya zulia jekundu wakipigwa picha, na kwamba wote waliofanya kazi hutajwa kwa majina. Nilisomesha sarufi miaka thelathini na minane. Makofi niliyapata siku moja tu, siku niliyostaafu, na walipiga kwa haraka kwa sababu chakula kilikuwa kimekwisha kupakuliwa.

Nishauri: nivae kanzu ya darizi au suti?

Maneno ya wanawake yaliyopatikana kutoka huko nyumbani yalisaidia sana.

Kaka yako,
Kondo Awadh


Kikwajuni, Unguja
29 Oktoba 2014

Kaka Kondo,

Shikamoo. Idi ilipita salama, mvua za vuli zimeanza kwa kujivuta, na dawa ya macho nimeipata, inawasha kama pilipili lakini naona. Mjukuu wangu Nana amemaliza chuo cha ualimu, amepangiwa skuli ya msingi. Kila alasiri anakaa barazani kwangu na rundo la madaftari na kalamu nyekundu, anajiona waziri. Nikimwambia mwanangu inuka unywe chai, ananiambia, "Bibi, ngoja, huyu nimfelishe kwanza."

Hongera, kaka. Nimefurahi, nakwambia kweli. Vaa kanzu. Suti yako ya mwisho naikumbuka, ulionekana kama mtu aliyeazima mabega.

Lakini umeandika "maneno yaliyopatikana". Yalipatikana wapi, kaka? Yaliokotwa njiani? Sehemu sitini na mbili, na kila mwezi Swaibu ananiletea karatasi zako: mke aliyeachwa angesemaje, mama mkwe akimsuta mkaza mwana angesemaje, mwanamke wa Unguja akikasirika bila ya kupiga kelele angesemaje. Nami nakaa naandika, mpaka kidole kinaota sugu.

Sehemu ya arubaini unaikumbuka? Yule mke anarudi kwao, mume anamfuata kumuuliza mbona ameondoka. Wewe uliandika: "Nimefungiwa mlango, kisha naulizwa kwa nini nimesimama nje." Nikakwambia, mwanamke gani wa kusema hivyo na mume yupo mbele yake, anamtazama machoni? Aliyefunga si huyo hapo? Nikakuandikia: "Umenifungia mlango, kisha unaniuliza kwa nini nimesimama nje." Ilipooneshwa, mtaa mzima ulinyamaza, hata jirani yangu ambaye hanyamazi akiwa amelala. Juzi nimemsikia mwanamke sokoni Darajani anamwambia hivyo muuza samaki aliyempa mgongo kisha akamuuliza anataka nini. Nikacheka peke yangu mpaka watu wakanitazama.

Nina ombi moja. Wakitaja majina, na langu litajwe. Mara moja inatosha, hata wakilikosea. Sijaitwa jina langu mbele za watu tangu siku niliyotajwa wa kwanza darasani, mwaka 1962. Mwaka huo unaujua.

Mdogo wako,
Hilwa


Mirdif, Dubai
16 Novemba 2014

Mdogo wangu Hilwa,

Natumai mvua hazikukuharibia dari. Mwambie Nana nampongeza, na kwamba asimfelishe mtoto kwa mwandiko mbaya ikiwa hoja yake ni nzuri. Hapa wote ni wazima isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu ni hasira. Nimengoja siku tatu ishuke. Haikushuka.

Nilivaa kanzu kama ulivyoniusia. Eseza, dada wa Kiganda anayetusaidia nyumbani, aliipiga pasi mara mbili, kisha akaning'ang'ania nivae koti juu yake. "Babu, huko watu wataangalia," alisema. Hashir alinishusha mbele ya hoteli. Pale penye zulia jekundu palikuwa na mwanamke ambaye nguo yake ilikuwa na mkia wa pima mbili, na wanaume wawili walikuwa wakiubeba kama maiti. Nilikanyaga zulia kwa mguu wa kulia, nikasema bismillahi. Sikupiga hatua ya pili. Kijana mwenye kamera alinipungia mkono kama anayefukuza kuku: "Yalla, hajji, yalla!" Nilikuwa nimesimama mbele ya mkia. Nikasukumwa kando, nikaingizwa kwa mlango wa pembeni.

Mlangoni nikafungwa kadi shingoni. Haikuandikwa Kondo Awadh. Iliandikwa "Mgeni wa Bwana Raed". Nikakalishwa kwenye meza ya arubaini na moja, mgongo ukiwa kwenye mlango wa jiko, na kila ulipofunguliwa nilipigwa na upepo wa vitunguu.

Kwenye ukuta kulikuwa na skrini kubwa kama nyumba, na juu yake salamu kwa lugha saba. Ya Kiswahili ilisema: "Karibuni kwenye usiku ya tuzo." Usiku ya! Nilisimama. Nilipita katikati ya meza zote hizo nikamfikia Raed, nikamwambia kwamba husemwa "usiku wa tuzo", na kwamba bado kuna wakati wa kurekebisha. Alinipigapiga begani. "Khalas, hajji," akasema, "hakuna anayesoma." Niliwahi kuwachapa wanafunzi kwa neno dogo kuliko hilo.

Tukashinda. Ilitajwa tamthilia bora iliyotiwa sauti za lugha nyingine, na ilikuwa yetu. Raed alipanda jukwaani, akamshukuru mama yake, mkewe, kituo cha televisheni, wadhamini, hata hoteli kwa taa zake nzuri. Nyuma yake majina yakapita kwenye skrini. Waliotia sauti, kumi na mmoja, kila mmoja kwa jina lake. Fundi wa sauti, kwa jina lake. Aliyechora herufi za mwanzo, kwa jina lake. Kisha ukaja mstari huu: "Imetafsiriwa kwa Kiswahili." Nukta.

Imetafsiriwa na nani? Na upepo? Mwaka mzima nimeinama juu ya karatasi zao, macho yamenivimba, nimewapa Kiswahili ambacho hata wao hawakijui thamani yake, nao wananiondoa kwa nukta moja! Kauli ya kutendwa ni kauli halali, sikatai. Nimeisomesha tangu nina miaka ishirini na moja. Lakini ina hila ndani yake. Inamruhusu mtenda ajifiche, au afichwe. Mtoto amepigwa. Shamba limeuzwa. Mtoto mdogo anayesema "kikombe kimevunjika", huku ameshika mkono wa kikombe, anatumia kauli ya kutendeka, ambayo ni binamu yake na ina tabia zile zile. Watu wazima wanaojua walilolifanya hawana haki ya kusema hivyo. Ni uoga. Ni wizi unaofanywa kwa sarufi sahihi.

Nilitoka kabla ya chakula. Kwenye mlango wa pembeni, nikimsubiri Hashir, nikasalimiwa na mlinzi, kijana wa Uganda aitwaye Yekoniya. Aliiona kadi shingoni.

"Mzee, uko na watu wa ile mchezo ya Turkey?"

"Ndiyo."

"Sisi kwa chumba tunaiangalia kwa simu, watu kumi. Ile maneno, 'Umenifungia mlango, kisha unaniuliza kwa nini nimesimama nje', aisee! Sasa tunamwambia msimamizi wetu kila siku. Hiyo maneno nani aliandika?"

Nilimsahihisha: "maneno hayo", si "hiyo maneno". Akacheka, akasema, "Pole, mwalimu." Huyo ndiye mtu pekee aliyeniita kwa cheo changu siku hiyo. Hashir akafika, nikaondoka.

Jina lako, kama ulivyoomba, halikutajwa. Langu pia halikutajwa. Kwa hiyo katika hilo tuko sawa.

Kaka yako,
Kondo Awadh


Kikwajuni, Unguja
11 Januari 2015

Kaka Kondo,

Shikamoo. Maulidi tumesoma, tumekula, wazima. Nana ameanza muhula, sauti imemkauka. Barua yako ilifika mwanzo wa Disemba. Swaibu amenipitia mara mbili kuuliza kama nina jibu, mara mbili nimemwambia bado.

Pole kwa uliyofanyiwa. Nasema pole kwa sababu ni ustaarabu.

Lakini hatuko sawa, kaka. Usiniandikie tena kwamba tuko sawa. Wewe ulikuwemo ukumbini, na kanzu, na kadi shingoni, hata kama ilikuwa na jina la mtu mwingine. Ulikasirika siku tatu. Mimi nina miaka hamsini na miwili nakasirika na bado napika.

Nina maswali mawili, nijibu kwa mpangilio, unapenda mpangilio.

La kwanza. Yule kijana wa Uganda alikuuliza nani aliandika maneno yale. Umenieleza ulivyomsahihisha. Hukunieleza ulivyomjibu. Ulimjibu nini?

La pili. Mwaka 1962 ilikwenda barua kwa mwalimu mkuu wa skuli yangu. Baba hakujua herufi za kizungu, alijua za Kiarabu tu. Barua ilikuwa kwa mkono wako, ule mwandiko wako wa kusimama kama askari. Wewe unayezikumbuka ngeli zote, niandikie ilisema nini. Na nishaa nasubiri.

Hilwa


Mirdif, Dubai
20 Februari 2015

Mdogo wangu Hilwa,

Salamu kwako na kwa Nana. Atafune tangawizi kwa sauti yake. Sundus amejifungua mtoto wa kike, ameitwa Fairuz, na mama na mwana wote ni wazima. Kumekuwa na vumbi kali wiki hii, hata ndege zimechelewa.

Nimesikitishwa na sauti ya barua yako. Kabla ya yote: haiandikwi "nishaa nasubiri". Ni "nimekwisha anza kusubiri", au "nasubiri" tu. Mtu anayeshtaki aandike kwa usahihi, la sivyo hoja yake hudharauliwa.

Kuhusu mlinzi, alijibiwa kwa mukhtasari, kwa kuwa gari lilikuwa limefika.

Kuhusu mwaka 1962, mambo yale yalikwisha zamani. Mama alikuwa mgonjwa. Ilionekana bora mtu awepo nyumbani. Uamuzi ulifanywa, nawe ulitolewa skuli kama wasichana wengi wa umri wako, na barua iliandikwa kwa sababu ilihitajika barua. Baba na mama wote wamekwisha tangulia mbele ya haki. Sioni faida ya kufukua kaburi ili kuhakikisha kwamba ndani yake kuna maiti.

Sasa jambo la kazi. Pamoja na yote waliyonifanyia, Raed ameniletea sehemu arubaini mpya, nami nimekubali kwa sababu asiponipa mimi atampa mtu wa "usiku ya tuzo". Anazitaka kabla ya Mei. Naambatanisha orodha. La muhimu kuliko yote ni sehemu ya tano: yule mke anagundua kwamba haki yake ilipotezwa na kaka yake mwenyewe, naye kaka hataki kusema. Kwa Kiingereza anamwambia tu, "Ulijua." Halitoshi. Mwanamke wa Unguja angemwambiaje kaka yake?

Kaka yako,
Kondo Awadh


Kikwajuni, Unguja
19 Aprili 2015

Kaka Kondo,

Shikamoo naitoa kwa umri wako, si kwa barua yako. Mungu amkuze Fairuz. Masika yamekuja na nguvu, nimeweka sufuria tatu chini ya dari na kila moja ina mlio wake. Ndiyo habari za nyumbani, zimekwisha.

Barua yako nimeisoma mbele ya Nana, na kalamu yake nyekundu. "Alijibiwa." "Ilionekana." "Ulifanywa." "Ulitolewa." "Iliandikwa." "Ilihitajika." Sita, kaka, katika aya mbili! Nana akaniuliza, "Bibi, huyu babu si ndiye yule aliyekasirika kwa 'imetafsiriwa'?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi ajisahihishe." Mtoto wa juzi huyo.

Uliniandikia mwenyewe, barua ninayo: mtenda anajificha, ni uoga, ni wizi unaofanywa kwa sarufi sahihi. Nilipoisoma nilidhani umepata akili. Kumbe uliona kibanzi cha jicho la Raed tu.

Barua ya mwaka 1962 unaiona humu ndani. Si nakala, ni yenyewe. Mwalimu mkuu aliikunja akaitia katika daftari langu la hesabu siku niliyokwenda kuchukua vitu vyangu. Nadhani alitaka niione. Nimeihifadhi chini ya kanga zangu, nimehama nayo nyumba nne, nimezaa nayo, nimefiwa nayo. Inasema: "Mwanafunzi aliyetajwa hapo juu ameondolewa skuli kwa sababu za nyumbani. Inaombwa jina lake lifutwe katika daftari." Hakuna kosa hata moja, kila nukta ipo mahali pake. Nimeandika kwa kalamu ya Nana pembeni, mara mbili: "Na nani?"

Miaka yote hii nimemlaumu baba. Nimemwosha mama, nimemlisha uji, nimemgeuza ubavu kwa ubavu miaka minne, na kila kengele ya skuli ilipolia, na ilikuwa ikisikika mpaka jikoni, nilimlaumu baba. Lakini baba siku anakata roho alinishika mkono akaniambia, "Muulize kaka yako." Sikukuuliza. Niliogopa jibu. Sasa nina miaka sitini na sita, sina cha kuogopa, nakuuliza.

Unataka kujua mwanamke wa Unguja angemwambiaje kaka yake? Ninayajua maneno yake. Nimeyajua tangu nina miaka kumi na mitatu. Hutayapata. Wala hilo wala mengine yote ya orodha yako, neno moja langu halitoki kwenye nyumba hii mpaka nipate kwako sentensi moja. Iwe na mtenda, kitendo na mtendwa. Maneno matatu yanatosha. Kama huiwezi, mpe Raed kazi yake, mwambie mwanamke mwenyewe hakupatikana.

Hilwa


Mirdif, Dubai
9 Juni 2015

Hilwa,

Wote hapa ni wazima. Barua yako imekaa mezani kwangu wiki sita. Nimeanza kuijibu mara tisa, na mara zote tisa niliandika sarufi safi, nikachana.

Kwanza, mlinzi. Alipouliza nani aliandika maneno yale, nilimwambia: "Mimi ndiye niliyeandika." Ndiyo jibu langu. Nilikuwa nimetoka ndani kwa sababu watu wameficha jina langu, na kabla ya kufika kwenye gari nilikuwa nimekwisha kulificha lako. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nami nikamwachia aushike. Utaona kwamba siku hiyo kauli ya kutenda ilinijia upesi, bila ya kufikiri.

Pili, mwaka 1962. Baba alikuja chuo cha ualimu, nilikokuwa nikisoma, kwa baiskeli, adhuhuri, jasho likimtoka. Hakuingia, alisimama chini ya ukuta, akaniita. Akasema, "Kondo, mama yako hawezi kunyanyuka tena. Mmoja wenu lazima arudi nyumbani. Mimi mambo ya skuli siyajui. Wewe unayajua. Niambie nani." Baba hakuamua. Baba aliniuliza.

Nilibakiwa na mwaka mmoja wa masomo. Nilijua pia jambo jingine, ambalo sijawahi kulitamka. Wewe ulikuwa wa kwanza katika watoto thelathini na wawili. Mimi nilikuwa wa kumi na tisa katika ishirini na nne. Ningemwambia baba hayo angenirudisha mimi. Alikuwa mtu wa haki. Sikumwambia. Nilisema, "Hilwa." Nikaenda ndani kuchukua karatasi, na nikiwa na kalamu mkononi nikatafuta namna ya kuiandika ambayo mimi sitakuwemo. Nikaipata. Nilikuwa nimefundishwa wiki ile ile.

Nimeitazama barua yangu pamoja na wekundu wako. Umeniuliza mara mbili. Jibu ni moja.

Mimi nilikutoa skuli.

Ni maneno matatu kama ulivyotaka. Mtendwa ni ile "ku" ya katikati. Ukiitafuta utaiona ndani ya kitendo, nilikokutia.

Ramadhani inaingia wiki ijayo, na watu wanaandikiana radhi kwa jumla, "kama nimekukosea". Sitaandika "kama". Nimekukosea. Niwie radhi, ukiweza. Na usipoweza nitaelewa.

Lililobaki ni la Raed, na kwake sijapoa hata kidogo. Karatasi za sehemu zote arubaini nimezifungia katika kabati la Hashir. Nimemwambia Raed hazipati mpaka mstari ule uandikwe upya: "Wametafsiri: Hilwa Awadh na Kondo Awadh." Akasema skrini ina nafasi ya mstari mmoja tu. Nikamwambia huo ni mstari mmoja. Akauliza, "Hilo jina la pili ni la nani?" Nikamwambia, "Hilo si la pili, ndilo la kwanza." Akasema, "Khalas, hajji, nitamtafuta mtu mwingine." Nikamwambia amtafute. Hajarudi, na huenda asirudi. Sehemu ya tano nimeiacha wazi kama ilivyo, kwa sababu maneno yake si yangu.

Barua ya mwaka 1962 nakurudishia. Ni yako.

Kondo


Kikwajuni, Unguja
12 Julai 2015

Kaka Kondo,

Shikamoo. Tumo kumi la mwisho, wazima, njaa ya kawaida. Dari limezibwa. Nimekosea: fundi ameliziba dari langu, jina lake Bakari, na ameliziba vibaya.

Barua yako nimeisoma peke yangu, Nana nilimtuma dukani. Kisha nikaisoma tena alipokuja. Akaniachia kalamu.

Ulikuwa wa kumi na tisa! Kaka! Nimekupikia, nimekufulia kanzu za kwendea chuoni, nimewaambia watu kaka yangu ana akili za ajabu, na wewe wa kumi na tisa! Nimerusha sufuria nikalipasua bomba la jirani. Mimi nimelipasua, mimi, sikusema limepasuka.

Radhi uliyoomba bado naifikiri. Usinihimize. Raed naye asipokurudia mwache aende, afunge mlango kisha aulize kwa nini hana Kiswahili. Akirudi, na jina langu likaandikwa mahali ulipoliweka, nitakupa maneno ya sehemu ya tano, na siku hiyo mtafute yule kijana Yekoniya umwambie ukweli. Kwa sentensi kamili.

Ile sentensi yako nimeisahihisha, unaiona hapa chini nimeikata kwenye karatasi yako nikaigandisha. Mtenda yupo. Kitendo kipo. Mtendwa nimemtafuta, nimemwona, alikuwa mdogo sana humo ndani. Nimeweka tiki nyekundu na alama saba kati ya kumi. Tatu nimezishika mwenyewe, kwa sababu miaka hamsini na mitatu si kosa la tahajia.

Ameandika na kusahihisha:
Hilwa Awadh